Bibi Naye Aitwe Kliniki

Binti wa miaka 16 anapofika kliniki ya mama na mtoto, muuguzi humweleza kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila maji wala uji. Binti huitikia, hupokea kadi, huondoka. Usiku mtoto akilia, anayeamua si yeye. Bibi huona maziwa hayatoshi. Huchemsha maji, hutafuta dawa ya mchango, na mwezi wa tatu uji mwepesi umekwisha kuanza. Ushauri ulikuwa sahihi, ila alipewa mtu asiye na kauli nyumbani.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 nchini Tanzania waliwahi kupata mimba. Baadhi ya wanaojifungua hulea wakiwa kwa wazazi wao.

Kumlaumu bibi ni rahisi, tena ni kosa. Ndiye anayekesha, na babu ndiye mara nyingi anayetoa nauli. Tangu Novemba 2021 wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurejea shuleni. Ruhusa hiyo ingefaa nini pasipo wa kubaki na mtoto? Hata hivyo, ni nani aliyemfundisha bibi huyo kwamba maziwa ya mama yaliyokamuliwa na kufunikwa katika chombo safi hukaa takriban saa 4 bila jokofu, na kwamba mtoto anyweshwe kwa kikombe, si kwa chupa?

Upo pia msaada unaozidi. Bibi huogesha, hubeba, hulaza, hata mtoto akamwita yeye mama na mzazi wake akamwita dada. Binti wa namna hiyo hajifunzi kutambua mtoto anayekataa kunyonya au anayepumua kwa kasi. Siku bibi yuko msibani, nani ataona?

Muuguzi basi aulize katika hudhurio la kwanza: nyumbani nani huamua mtoto ale nini? Kwa ridhaa ya binti, mtu huyo aalikwe mara ijayo. Aanze kuulizwa alivyolea wanawe, kwani anayekaripiwa mbele ya bintiye harudi tena. Mazungumzo ya uzazi wa mpango na vipimo yabaki ya binti peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Na bibi awapo chumbani, mtoto apakatwe na mama yake, kadi akabidhiwe mama yake.