NANI MWENYE KAZI YA DAWA?



Tangu Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa ajili ya matibabu. Basi tuna haki ya kuuliza. Katika reli dereva ana kazi yake, gadi ana yake. Kosa likitokea, daftari laonyesha ni la nani. Lakini katika zahanati nyingi nesi mmoja huandika dawa, huitoa, tena huhesabu akiba. Nani amkague? Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitaka madhara makubwa ya dawa yapunguzwe kwa nusu katika miaka 5. Yatapunguaje pasipo kupima? Hatumlaumu nesi, twawalaumu wanaomwacha peke yake. Twataka kila kazi iandikwe na ipimwe: nani aandika dawa, nani aitoa, nani amweleza mgonjwa. Wajumbe, lipelekeni neno hili mkutanoni!