Kanisa la Magogo

Huko Greensted, kijiji kilichomo katika jimbo la Essex, Uingereza, lipo kanisa dogo ambalo kuta zake ni magogo ya mwaloni. Kila gogo lilipasuliwa kwa urefu, kisha likasimamishwa wima, upande wa mviringo ukawa nje na upande wa bapa ukawa ndani. Baina ya gogo na gogo ulitiwa ulimi wa mbao ili kuzuia mvua. Zamani watu walidhani lilijengwa mwaka 845. Lakini katika miaka ya 1990 wataalamu walihesabu pete za miti hiyo, wakatambua kuwa ilikatwa baada ya mwaka 1060.

Adui wa mti ni unyevu. Kufikia mwaka 1848 miguu ya magogo ilikuwa imeoza. Hata hivyo mafundi hawakuyatupa: walikata sehemu mbovu tu, wakayasimamisha yaliyobaki juu ya msingi wa matofali. Ndiyo maana alama za tezo za mafundi wa kwanza zingali zaonekana ndani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Greensted waliuziba, na ukuta wa mababu zao ungali umesimama.