Ufafanuzi wa Kitabu Kisichofunguliwa

Majuzi mwanafunzi wa chuo anayetafiti mgogoro wa ushairi wa kimapokeo na ushairi huru aliniomba nimpitie bibliografia yake yenye ufafanuzi. Nukta na mabano vilikaa mahali pake, na miaka ya uchapishaji haikukosewa. Lakini chini ya kila kitabu nilikuta sentensi ileile iliyovishwa kanzu tofauti: kitabu hiki ni muhimu, kinahusu ushairi, kitanifaa.

Huo si ufafanuzi; ni ushahidi wa uongo. Anayefafanua kitabu anakula kiapo kwamba amekisoma.

Kuhusu Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) cha Kaluta Amri Abedi, aliandika kwamba ni kitabu cha vina na mizani. Basi. Na ile diwani iliyotajwa jaladani imekwenda wapi? Amri hakutoa sheria akaketi pembeni. Alitunga, akajiweka mwenyewe mizanini. Je, mashairi yake yanazitii sheria zake? Mistari mitatu ya jibu hilo ingekuwa na thamani kuliko kurasa mbili za sifa.

Chini kidogo palikuwa na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) cha Mulokozi na Kahigi. Hebu yasomeni majina hayo mawili kwa pamoja. Sheria zimegeuka kunga; diwani ya Amri imekuwa yetu. Haya ni majibizano yaliyopishana miaka 25, nasi tunayapita kwa kuwa orodha hupangwa kialfabeti, haimwonyeshi anayejibu na anayejibiwa. Kuwakutanisha ni kazi ya ufafanuzi.

Wapo wahadhiri wanaokata alama kwa nukta iliyosahaulika, wasiulize hata swali moja kuhusu kurasa za ndani. Nitaambiwa kwamba vitabu hivi ni adimu. Ni kweli. Basi mwanafunzi aorodheshe vinne alivyovisoma, aviache vile alivyovisikia.

Nami sijitoi lawamani. Kwa miaka mingi nilimpinga Amri barazani kwa maneno ya waliomnukuu, kabla sijamfungua mwenyewe. Malenga wangapi tumegombana hivyo?

Nilimwazima mwanafunzi yule nakala yangu, jalada limechanika. Wiki iliyofuata alirudi na orodha mpya: vitabu kumi na kimoja vilikuwa vimefutwa, na chini ya Amri palikuwa na aya nzima ya kumpinga, kwa hoja.