"Factually incorrect", sawa. Lakini wapi?

Wasee, kuna maneno mawili ya Kizungu yanapendwa sana mtandaoni: "factually incorrect". Unaposti kitu, msee anakuja, anaandika hivyo na anajitoa. Ofisi za serikali ziko na version yao: wanachukua skrinshoti yako, wanaipiga mhuri mwekundu wa FAKE, stori imeisha. Hakuna mtu anakuonyesha ni laini gani iko na shida. Ni jina? Ni tarehe? Ni ile doo imetajwa? Ama ni vile tu stori imemuuma mtu?

Usione ni kitu ndogo. Rudi Juni 2025. Albert Ojwang, ticha na bloga, alishikwa kwao Homa Bay tarehe 7 juu ya posti za X kuhusu naibu wa Inspekta Jenerali, Eliud Lagat. Makosa aliyodaiwa ni kuandika uongo kuhusu mkubwa. Akaendeshwa hadi Nairobi, akawekwa seli ya Central. Kesho yake alikuwa amekufa.

Polisi wakatoa taarifa yao: alijigonga kichwa kwa ukuta. Kizungu safi, lugha ya ofisi, inakaa ukweli kabisa. Halafu madaktari wakafungua mwili. Daktari Bernard Midia, aliyeongoza ule upasuaji, hakusema tu "hiyo si kweli". Alieleza: mtu akijigonga mwenyewe, damu ungeipata mbele ya kichwa. Hapa ilikuwa usoni, kando na nyuma. Tena shingo ilikuwa imekabwa, na kulikuwa na majeraha sehemu zingine za mwili. Hapo ndipo Inspekta Jenerali Douglas Kanja alienda Seneti tarehe 11 akakubali kwamba Ojwang hakujigonga, akaomba msamaha kwa ile taarifa.

Wanaoshika watu juu ya uongo ndio walikuwa wametoa taarifa isiyo ya kweli. Na haikuangushwa na mhuri. Iliangushwa na mtu aliyeonyesha jeraha liko wapi.

Na katiba yetu iko na njia. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya habari ya uongo inayomhusu irekebishwe ama ifutwe. Irekebishwe, buda. Hakuna mahali hapo pameandikwa uendewe na gari usiku. Mwaka wa 2017 Mahakama Kuu ilisema kumfunga mtu kwa kumharibia mwingine jina ni kinyume cha katiba. Ukichafuliwa, enda kortini udai fidia. Mwaka uliofuata ikaletwa sheria ya makosa ya mtandao: kuposti uongo, faini hadi milioni 5, na jela hadi miaka 10. Yaani mlango ulifungwa, ukafunguliwa dirisha.

Mimi niliacha colle, so sitajifanya profesa. Lakini hii kazi ya kuandika imenionyesha kitu. Kuna siku niliandika shoo ni Ijumaa, kumbe ni Jumamosi. Dem mmoja akanitumia posta, nikabadilisha dakika mbili, nikamshukuru. Wiki hiyo hiyo jamaa mwingine ananiandikia "factually incorrect, aibu" kwa stori ingine. Nikaisoma mara tatu, nikapigia watu simu, nikapoteza lisaa. Sikupata kosa. Nilimuuliza ni wapi, hajawahi nijibu.

So ukitaka kuniambia nimekosea kwa hii stori, niko hapa. Nitajie laini.