Mkoba wa Saa Mbili Usiku

Saa mbili usiku, kabla hajafunga kibanda, wakala wa huduma za fedha ana hesabu mbili za kumaliza: floti iliyobaki kwenye simu na noti zilizomo kwenye droo. Siku ambayo wateja wengi wameweka pesa, floti huisha na noti hujaa, na noti hizo hazina pa kulala ila kwenye mkoba wake. Mkoba huo ndio unaoviziwa na vijana waliokaa juu ya pikipiki ng'ambo ya barabara.

Toleo hili linahusu uhalifu dhidi ya biashara, na tumekusudia kuanzia kwa wakala. Benki ina ukuta, kamera, askari mwenye bunduki na bima. Wakala ana kufuli. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya kazi ya benki imehamia vibandani na chini ya miavuli. Ulinzi haukuhama nayo.

Ushauri anaopewa tunaujua: funga mapema, badilisha njia ya kurudi nyumbani, usihesabu pesa mbele za watu. Ni ushauri wa kufuata. Ila ukiishia hapo, maana yake ni kwamba akiporwa, uzembe ni wake, na hilo hatulikubali.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 madereva wa mabasi katika miji ya Marekani waliporwa mara kwa mara, kwa kuwa walibeba chenji. Miji kadhaa, New York ikiwemo, ikafuta chenji: abiria alitumbukiza nauli kamili kwenye sanduku ambalo dereva mwenyewe hakuweza kulifungua. Uporaji ndani ya mabasi ukapungua sana. Dereva hakuambiwa awe jasiri. Wenye mabasi walibadilisha safari ya pesa.

Kwetu, wenye uwezo wa kuibadilisha safari hiyo ni kampuni za simu, benki na mawakala wakuu. Wakala mkuu akipita vibandani kabla jua halijazama, akachukua noti na kurudisha floti papo hapo, mkoba unakwenda nyumbani mtupu. Makato ya kulipa kwa simu yakishuka, noti zenyewe zitapungua mtaani. Tutaambiwa ni gharama. Ni kweli, lakini gharama hiyo inalipwa hata leo, na anayeilipa ni mtu anayeishi kwa kamisheni, wakati mwingine kwa panga la kichwa.

Utapeli nao haujaisha. Meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" nani hajaipata? Wakala hupigiwa na mtu anayejifanya ofisa wa kampuni, akimtaka ataje namba ya siri. Usajili wa laini kwa alama za vidole umesaidia, na namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kupeleka meseji za matapeli ipo, itumieni.

Lakini kuna swali ambalo tungependa kulikuta limejibiwa ndani ya mkataba wa uwakala wenyewe, kwa Kiswahili anachokielewa anayetia saini: akiporwa usiku huu, kesho asubuhi atafungua kibanda kwa mtaji wa nani?