Usilipie IP ya Kudumu Kama Huihitaji

Ukiwekewa intaneti nyumbani huenda ukaulizwa: unataka anwani ya IP ya kudumu, au ya kawaida inayobadilika? Ile ya kudumu mara nyingi huongezewa ada kila mwezi. Ukiambiwa uichukue ili pesa zako ziwe salama, sisi tunasema wazi: kwa nyumba nyingi, huko ni kutupa pesa.

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha laini yako mtandaoni ili ujumbe ujue pa kufika. Inayobadilika ni kama kiti cha matatu: leo umekaa hapa, kesho pale, na bado unafika. Ukizima ruta na kuiwasha, unaweza kupewa namba nyingine, wala usijue.

Mbona zizungushwe hivyo? Namba za mfumo wa zamani, IPv4, ni takriban bilioni 4.3 tu duniani kote, na akiba kuu iliisha Februari 2011. Kwa hivyo kampuni za intaneti huzigawa kwa zamu, na wakati mwingine nyumba nyingi hutumia namba moja.

Sasa tuje kwa pesa. Ukitoka kwa Wi-Fi ya nyumbani ukaingia kwa bando, IP yako hubadilika papo hapo, na bado unalipa stima kama kawaida. Kinacholinda akaunti yako ni PIN, laini yako ya simu na programu halisi uliyoiweka. Mwizi mwenye PIN yako hazuiwi na IP ya kudumu.

Ndiyo maana mtu akikupigia akisema, "IP yako imebadilika, tupatie PIN tusifunge akaunti," kata simu. IP kubadilika si kosa lako, na PIN haipewi mtu, hata akijua jina lako kamili.

Wapo wanaoihitaji kweli. Kama biashara yako ina seva yake ofisini, au unashirikiana na kampuni inayokubali maombi kutoka namba moja inayojulikana tu, lipa bila kusita. Lakini mama mboga mwenye till haihitaji. Hata kamera za nyumbani, nyingi siku hizi hutazamwa kupitia programu yake bila IP ya kudumu. Tena kamera iliyoachwa wazi kwenye IP ya kudumu, na nywila ya kiwandani bado haijaguswa, ni mlango ulio mahali pale pale kila siku, na haujafungwa.

Kwa hivyo kabla ya kukubali ada hiyo, muulize fundi swali moja: "Ni kitu gani changu kitakachokwama nisipokuwa nayo?" Akikosa jibu, bakisha pesa zako. Kisha mwambie akuonyeshe jinsi ya kubadilisha nywila ya ruta kabla hajaondoka.