Jaji aliyewakatalia wengi

Juzi nilikuwa nyumbani Kikole, wilayani Kilwa, na babu akanianza tena: "Hivi yule jaji wenu alituuliza ili iweje?"

Jaji mwenyewe ni hayati Francis Nyalali, Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 1977 hadi 2000. Miaka 23, si mchezo. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa tume ya kuwauliza wananchi: tubaki na chama kimoja au tuwe na vingi? Karibu asilimia 80 wakasema kimoja kinatosha, babu akiwemo. Nyalali akapendekeza vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Babu anaona alidharauliwa. Mimi nasema hapana, na tumebishana hadi kahawa ikapoa. Hao waliobaki nao ni watu, na haki ya mtu kujiunga na wenzake haipigiwi kura na majirani. Jaji si karani wa kuhesabu vichwa. Ila nakiri alinibana aliposema, "Kama jibu mlikuwa nalo, si mngekaa hukohuko Dar?"

Lakini wadau, kinachoniuma mimi si vyama. Tume ileile ilitaja sheria 40 ilizoziona kandamizi, zifutwe au zirekebishwe. Imo ya 1962 ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Imo Sheria ya Magazeti ya 1976, iliyompa waziri uwezo wa kufungia gazeti. Pendekezo la vyama vingi lilitekelezwa upesi, hili la kwetu waandishi likawekwa kabatini. Nyalali alifariki 2003 akaiacha sheria hiyo hai. Mwaka 2012 MwanaHalisi likafungiwa, 2013 Mwananchi siku 14. Ilifutwa 2016, miaka 24 baada ya ripoti, na iliyochukua nafasi yake nayo tukailalamikia.

Na serikali tatu, yaani shirikisho? Nyalali alipendekeza, Tume ya Warioba ikarudia 2013, na mpaka leo tuna mbili.

Sasa nyie mnaomsifu Nyalali kila vyama vingi vinapotajwa, mbona zile sheria hamzisemi?

Nilimweleza babu yote haya. Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Kumbe na yeye aliulizwa tu, kama sisi."

Hapo sikubisha.